Utani wa Lori

Mara ya kwanza tulipopanda naye milimani, juu kidogo ya Kinole, mzee mmoja alikuwa amekaa pembeni mwa njia anachonga mpini wa jembe. Alimtazama mgeni wangu kuanzia viatu hadi nywele, kisha akamgeukia bibi mmoja, mkulima wa viungo, aliyekuwa ametoka kutupokea, akasema kwa sauti ya kufika hadi ng'ambo ya bonde:

"Wewe kikongwe, huyu Mhabeshi umemwokota wapi? Si wale wa kwenye lori hawa? Kesho tutasikia umehifadhi lori zima!"

Watu waliokuwa njiani wakacheka. Bibi akacheka kuliko wote, akamjibu kwamba hata yeye mzee ukoo wake ulimwokota jalalani na hakuna aliyewahi kumwuliza karatasi zake. Mgeni wangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado cha salamu na bei za nyanya, akaniuliza wanacheka nini. Nikamtafsiria. Akacheka na yeye, ila alianza wenzake walipokuwa wanamaliza.

Alikuwa mwanafunzi wa uzamivu kutoka Ethiopia. Alikuja kuchunguza udongo unaoshikwa na mizizi ya mdalasini na miti inayotilia kivuli iliki, kwenye miteremko mikali ambayo mahindi yakilimwa mvua mbili tu hushuka nayo hadi mtoni. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo bila kazi, na profesa aliyempokea akanichukua kuwa msaidizi wake: nimtafsirie, nimwonyeshe njia, nimfuatilie vibali.

Kwa asiyekaa Morogoro nieleze habari ya lori. Barabara kuu inapita mjini kwetu, na kila baada ya muda husikika kuwa lori limesimamishwa mahali, huku au kule njia ya Gairo, likafunuliwa turubai, na chini ya magunia wakakutwa vijana kutoka nchi ya mgeni wangu, wanaelekea kusini kabisa mwa bara hili. Wengine hukutwa hai. Hii ni habari ya saluni na ya kijiwe cha kahawa, watu huisimulia kisha wakarudi kwenye mpira. Kwa hiyo mzee alipotaja lori hakuhitaji kueleza ni lori gani.

Na kwa asiyejua Waluguru nieleze utani. Kila ukoo, wenyewe huuita lukolo, una ukoo mwingine ambao ni watani wake. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana hadharani, kuondoka na kuku wako, kukaa juu ya jeneza la baba yako mpaka umpe kitu ndipo aruhusu mazishi. Huruhusiwi kukasirika. Bibi, alipotupokea, alikuwa amesema mbele za watu kwamba huyu binti ni mwanawe. Kwa neno hilo moja alimwingiza katika ukoo wake, na yule mzee, aliyekuwa mtani wa ukoo huo, akapata haki ya kumtukana dakika ile ile. Lile tusi la lori ndilo lilikuwa karibu yake.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Jioni nilimfuata mzee nikamsalimia, "Shikamoo," akaitikia, nikamwuliza: "Babu, na mtu asiyejua kama huo ni utani akisikia?"

"Profesa," akasema, maana ndivyo alivyoamua kuniita tangu aliponiona na begi la mgongoni, "asiyejua atakuwa anatafuta nini huku?"

Swali langu halikunitoka.

Mambo ya vibali yalikuwa hivi. Kibali cha utafiti kilikuwa kimetoka, baada ya kuchelewa sana. Kwa sababu kilichelewa, na ufadhili wake haukusubiri, aliingia nchini kwa visa ya matembezi. Kilichobaki ni kibali cha ukaazi, kile wanachopewa watafiti na walimu wa kigeni, na maombi yake yalikuwa ndani ya mfumo. Kila nilipofungua mfumo palikuwa na neno moja: *inashughulikiwa*. Visa ya matembezi ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi na tulishaambiwa haitaongezwa tena. Kibali kikitoka kabla ya hapo, anabaki, anachukua udongo wake kabla masika hayajaanza kuosha miteremko, anapata shahada. Kisipotoka anaondoka, na msimu huo ukipita ufadhili wake unakwisha. Hakukuwa na msimu mwingine.

Nilikwenda ofisi ya uhamiaji kuuliza. Afisa wa dirishani alikuwa kijana wa rika langu, mstaarabu kabisa.

"Mtu ana kibali cha utafiti," nikamwambia, "kwa nini asitafiti?"

"Kile kinasema ataruhusiwa kutafiti nini. Hiki anachosubiri kinasema yeye ni nani akiwa hapa."

"Na kwa sasa yeye ni nani?"

"Mtembezi. Atembee, asalimie watu, apige picha. Asichimbe hata kijiko."

Niliondoka nimekasirika kwa sababu niliona ana hoja. Ni rahisi kugombana na mtu anayedai rushwa au anayekuambia njoo kesho. Huyu alinijibu vizuri, akanitakia siku njema, na bado mlango ulikuwa umefungwa.

Profesa wa kweli, yule wa chuoni, naye hakuwa na maneno mengi. "Hakuna shida. Mpeleke akazoeane na watu. Asiguse kitu." Barua za utambulisho zilikuwa zimeshashuka kutoka mkoani hadi wilayani, hadi kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji, kwa hiyo tukapanda kusalimia. Salamu zikageuka kukaa. Bibi aligoma kabisa kusikia kwamba mwanawe atalala nyumba ya wageni.

Sijapata kuona mtu akiteseka kwa kutofanya kazi kama yule dada. Asubuhi bibi alikuwa akikaa barazani kubandua maganda ya mdalasini, naye anakaa pembeni, mikono ameibana katikati ya magoti. Mbele yake mlima wote ulikuwa wazi. Akirudi kutoka kisimani alikuwa anakwangua tope la viatuni kwa kijiti, analitazama rangi, analinusa, halafu anaangalia huku na huku kama mtu aliyeiba. Katika begi lake kulikuwa na kekee ya udongo, bomba la chuma lenye mpini la kutobolea ardhi. Hakulitoa hata siku moja. Hakutaka kuliacha katika chumba alichopanga mjini, Mazimbu, kwa kuogopa wezi.

Utani ukakua. Mzee hakupita mbele ya nyumba ile bila kupiga kelele. "Mhabeshi! Lori limefika, panda!" Siku moja dada akasimama barazani akamjibu kwa Kiswahili ambacho sikumfundisha mimi: "Nenda wewe, mimi nasubiri la pili!"

Watu walianguka kwa kicheko. Mzee alitupa kofia yake chini kwa furaha. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kamili, naye aliirudia jioni nzima, akibadilisha mkazo. Kuanzia siku ile kijiji kizima kilitumia utani wa lori, hata wale ambao si watani wa ukoo wa bibi na hawakuwa na haki nao. Waliokuwa wanateremka na ndizi Kinole walikwenda nao. Nilianza kuusikia kwa watu ambao hata hawakumjua anayetaniwa. Kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza kama ni kweli kuna bibi kule juu anafuga Wahabeshi. Aliuliza huku anacheka. Nilimwangalia usoni nisijue kama ni kicheko cha utani au cha kitu kingine.

Nilimwambia dada tushuke. Akasema kijijini angalau anajisikia yupo mahali. Chumbani Mazimbu anajisikia yuko foleni.

Kisha wakaja wanunuzi wawili wa iliki. Ilikuwa siku ya gulio, watu wengi wamepanga ndizi na mananasi kando ya njia, na bibi ameweka gunia lake dogo mbele. Wale watu walikuwa na viatu visivyo na tope. Waliuliza bei, wakauliza tena, wakatikisa kichwa. Mnunuzi wa iliki huwa haulizi bei kwanza. Huchota punje, huziponda kwa kucha, hunusa. Hawa hawakunusa chochote. Walikuwa wanaangalia nyumba.

Nilitaka kusema kitu, lakini mzee alikuwa ameshaanza.

"Uza haraka wewe mchawi, upate nauli ya kuwapeleka Wahabeshi wako kusini!"

Wale wawili wakacheka kwa sauti, pamoja na wengine. Mmoja akauliza kama anayeendeleza mzaha: "Kwani wako wangapi, mzee?"

"Huyu mmoja ndiye unamwona. Wengine wamejaa darini!"

Kicheko kikapasuka tena. Nakumbuka dada alikuwa amesimama mlangoni na kikombe, naye anacheka, maana neno la darini alilielewa mwenyewe. Wale watu walimwangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili. Wakaaga kwa adabu, wakateremka.

"Hawakununua," bibi akasema, akifunga gunia.

Juma lile lile walirudi, sasa wamevaa sare za uhamiaji, wako wanne, pamoja na mtendaji wa kijiji aliyekuwa anatazama chini muda wote. Gari liliachwa barabara inapoishia, kwa hiyo tuliwaona wakipanda kwa muda mrefu, wakipotea kwenye migomba na kutokea tena, kila mara karibu zaidi. Hakuna aliyekimbia. Sikuona sababu ya mtu kukimbia, na bado niliona ajabu kwamba miguu yangu ilikuwa inataka.

Waliomba ruhusa kabla ya kuingia. Walipanda darini kwa ngazi ya bibi mwenyewe, wakateremsha mahindi, mikeka ya zamani, kinu kilichopasuka. Vumbi likaijaza nyumba. Hapakuwa na mtu. Kisha wakafungua begi la dada.

"Hii nini?"

"Kekee ya udongo," nikasema.

"Sijakuuliza wewe. Dada, hii nini?"

Dada akajibu kwa Kiswahili, polepole, "Ya kazi."

"Una visa ya matembezi. Umekuja kutembea na ya kazi?"

"Sijaitumia, afande."

Alipitisha kidole ndani yake, akakiangalia. Kidole kilikuwa safi. Hata hivyo akaiweka kando, juu ya pasipoti.

Mzee alikuwa amefika uani, anahema. Akasema, "Afande, yale maneno ya darini yalikuwa utani."

"Utani wa nani na nani?"

"Mimi na ukoo wa mwenye nyumba."

"Mimi ni wa ukoo huo?"

"Hapana."

"Basi mimi uliniambia habari."

Bibi akasimama mbele ya dada, akasema kwamba kama kuna wa kuchukuliwa aanze yeye mama yake. Yule afisa akamjibu kwa upole kwamba neno hilo asilirudie, kwa sababu anayemhifadhi mhamiaji asiye na kibali naye ana kesi yake, na yeye hajapanda kutafuta kesi ya bibi. Aliisema kama ushauri. Bibi akakaa chini kwenye kinu kilichopasuka.

Tulishuka nao, dada na mimi. Watu walisimama kando ya njia yote hadi kwenye gari, watu wale wale, na hakuna aliyetania.

Mjini hawakumfungia. Ningesema uongo nikisema walimtendea vibaya. Walithibitisha kibali cha utafiti, walithibitisha maombi ya ukaazi, wakasema anaruhusiwa kukaa Mazimbu na aende kuripoti kila asubuhi. Pasipoti ingebaki kwao mpaka suala la "wengine" lifungwe, kwa sababu mtu ametamka mbele ya maafisa kwamba wako wengine. Bila pasipoti kuonekana safi, maombi ya ukaazi yasingesogea. Nilimweleza dada nikiona mwenyewe jinsi kila kipande kinavyoshika kingine. Neno kwenye mfumo lilibaki lile lile, na mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja.

Nikaanza kutafuta aliyepeleka habari. Nilimwuliza yule wa bodaboda, akaapa kwa mama yake. Nilimwuliza mtendaji kwa simu, akasema yeye alijulishwa tu. Nilimfikiria mnunuzi mmoja aliyewahi kugombana na bibi juu ya iliki mbichi. Nilimfikiria hata profesa, bila sababu yoyote. Sikupata mtu, na nadhani kilichonitisha zaidi ni kwamba huenda hakuwepo. Huenda mzaha ulitembea wenyewe kutoka kinywa hadi kinywa, kila mmoja akipunguza kicheko kidogo, mpaka ukafika mjini ukiwa umebaki taarifa.

Mchana mmoja tulikuwa tunapita karibu na stendi ya Msamvu, na malori yalikuwa yamepanga msururu pale. Dada akasimama akitazama jinsi kamba zilivyofungwa juu ya turubai, mafundo makubwa, yamekazwa kutoka nje.

"Wanapumuaje?" akaniuliza.

Nikasema sijui. Alisimama mpaka utingo mmoja akaanza kututazama, tukaondoka.

Zilipobaki siku chache, mzee na bibi wakashuka mjini wenyewe. Tuliwakuta nje ya ofisi asubuhi, mimi na dada tulipokwenda kuripoti, bibi kavaa kitenge chake cha sikukuu, mzee kavaa koti. Wamekaa benchi moja, na katikati yao wameacha nafasi ya mtu wa tatu.

"Nimekuja kuyatoa maneno yangu," mzee akasema.

Aliyetupokea ndani alikuwa afisa mwanamke, mtu mzima, mwenye sauti ya mwalimu wa dini. Akamsikiliza mzee mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema inawezekana. Mzee aandike maelezo kwamba taarifa aliyotoa kuhusu watu waliofichwa darini ilikuwa ya uongo, aweke sahihi, na suala hilo linafungwa leo leo.

"Mimi sijasema uongo, mama," mzee akasema.

"Kwa hiyo walikuwepo?"

"Hawakuwepo."

"Basi ni uongo."

"Ni utani."

"Mzee wangu, mimi nakuelewa. Kwetu pia tuna watani. Lakini nikiandika utani, mkubwa wangu ataniuliza: walikuwepo au hawakuwepo?"

"Mwongo anataka aaminiwe. Mimi nilitaka nani aniamini?"

"Tuliamini sisi," afisa akasema.

Feni ilikuwa inazunguka juu yetu ikitoa mlio. Mimi niliyesoma, niliyekuwa na maneno ya kila kitu, nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: asaini, ni neno tu, asaini. Nadhani nilikisema kwa sauti, kwa sababu mzee alinigeukia.

"Ni neno tu, Profesa? Siku tunamzika mume wake huyu," akamwonyesha bibi kwa kidevu, "nilikaa kaburini nikakataa kutoka. Nikamtukana marehemu mpaka mjane akacheka. Nikiandika hapa kwamba ninayowaambia watu wa ukoo wake ni uongo, na siku ile nilisema nini?"

Bibi alikuwa anaangalia mikono yake. "Andika tu, mtani," akasema. "Kwa ajili ya mtoto."

Mzee akamtazama dada. Dada hakuwa amefuata mazungumzo yote, lakini alijua kinachosubiriwa. Mzee akavuta kiti. Aliandika kwa herufi kubwa, akiandika neno moja kisha anapumzika. Alipofika kwenye neno lenyewe aliuliza linaandikwaje, ingawa alijua. Akaweka sahihi.

Afisa alikuwa mkweli: suala lilifungwa siku ile ile. Akafungua droo, akamrudishia dada pasipoti yake mkononi, akampa pole kwa usumbufu. Kisha akafungua ukurasa wa visa, akautazama.

"Kibali cha ukaazi hakijatoka," akasema. "Na huu muda unaisha. Itabidi atoke, aombe upya akiwa kwao. Kikitoka, karibu sana."

Dada aliondoka Morogoro siku moja kabla ya visa kuisha. Hakutaka asindikizwe na watu, kwa hiyo nilimsindikiza mimi tu. Alikuwa amevaa viatu vile vile, ameviosha mpaka kwenye mishono, maana alisikia kwamba viwanja vya ndege vingine havipendi udongo wa nchi nyingine. Kwa wiki kadhaa niliendelea kufungua mfumo kila asubuhi kwa mazoea. Baadaye akaniandikia kwamba chuo chake kimempangia kusoma data za mtu mwingine, za milima mingine, na kwamba nimsalimie mama yake.

Nilipeleka salamu hizo masika yalipokwisha. Njia ilikuwa imekatwa na maporomoko mahali pawili. Bibi alikuwa barazani anabandua mdalasini, akafurahi, akaniuliza kama mwanawe anakula vizuri. Tulikuwa bado tunaongea mzee alipotokea chini ya njia, jembe begani. Bibi akanikonyeza, akajiweka sawa, akavuta pumzi.

"Wewe mwizi wa kuku! Bado hujafa tu? Jeneza lako limeshaliwa na mchwa, tunakusubiri wewe!"

Mzee akasimama. Akavua kofia.

"Habari za hapa, mama," akasema. Ilikuwa sauti ile ile aliyomsemeshea yule afisa mwanamke ofisini. Akanipa mkono, akaniuliza habari za mjini, akatutakia mchana mwema. Akaendelea kupanda bila kugeuka.

Bibi alibaki na kisu hewani mpaka mgongo wa mzee ulipopotea kwenye migomba.

"Umesikia?" akasema. "Kaniita mama."